Yaliyofutwa Katika Kiapo Changu

Mimi, Shekuwe Badi wa Langoni,
mkandarasi wa daraja la saba,
mwenye akili timamu na deni la saruji,
naapa na kusema—

Wakili akainua kalamu. "Deni tulitoe.
Jaji hataki kujua unadaiwa na nani,
ataka kujua nani kakukataza, na kwa kifungu gani."
Deni likatoka. Hapa nalirudisha:
mifuko mia na kumi, dukani kwa Bakathiri,
nusu yake imegandia ghalani, kila mfuko
umekuwa jiwe lenye umbo la mlinzi aliyeulalia.

Kiapo kinasema: "Barua nne zimeambatishwa."
Hakisemi ya kwanza ilikataza punda
kupita na mchanga mchana;
kwamba tukabeba usiku;
kwamba ya pili ikakataza usiku.
Ya tatu ikasimamisha kazi, kwa kuwa nimechelewa.
Ya nne ikanifungia zabuni zote za kaunti, miaka mitatu,
kwa kuwa kazi imesimama.
Nilizisoma zote kwa sauti, uani.
Mke wangu, Mwanakheri, akauliza:
"Hii ni sheria, au mwatueguza kitendawili?"
Wakili akafuta kitendawili.

Akafuta pia kwamba aliyetia sahihi
alikuwa saidia fundi wangu, mwaka wa mvua kubwa;
kwamba ni mimi niliyemfunza kushika timazi,
nikamwambia usiitazame kamba,
itazame risasi inapotulia.
"Hiyo ni chuki," wakili akasema.
Si chuki. Nilitaka tu mahakama ijue
kwamba ukuta ulionyooka anaujua akiuona.

Wala hamna Kahindi, aliyekwenda kubandika vigae
kwenye vyoo vya mahoteli.
Wala Lali, aliyeuza mwiko wake kwa bei ya unga,
akarudi kesho yake kwa mnunuzi, auombe aushike tu.
Wala punda wetu, Waziri,
ambaye peke yake alinenepa kwa marufuku.

Malindi nimeijua kwa kungoja.
Faili limepotea. Wakili wa kaunti ana homa.
Jaji yuko semina. Faili limepatikana,
ila kurasa za mbele ni za kesi ya mbuzi.
Mama muuza mahamri nyuma ya mahakama
hakulijua jina langu, aliniita Zuio.
"Zuio, leo umeahirishwa mpaka lini?"

Fundi Famau, aliyenilea kazini, hakuja kutoa ushahidi.
Alisema: "Iwe lalala yuu ya iwe, mwanangu.
Halilali yuu ya karatasi."
Lugha hiyo wakili hakuiweza.
Akaacha nafasi tupu.

Hukumu ikaja Jumanne, kurasa ishirini na mbili.
Kwamba sikusikilizwa.
Kwamba barua zote nne ni batili.
Kila upande ubebe gharama zake.
Nikahesabu kwa vidole, vikaisha, nikaongeza kimoja:
zuio lilikuwa limebakiza siku kumi na moja
life lenyewe.

Nilipovuka kurudi Amu nilikwenda Gadeni
kabla sijafika nyumbani.
Ukuta wa chekechea upo, umeishia pale pale,
na ubavuni meno niliyouachia,
jiwe nje, jiwe ndani, jiwe nje,
ili kazi ya kesho iishike ya jana.
Watoto wameyafanya ngazi. Mtu kaanika soksi.
La tatu kutoka juu limevunjika.

Sikuwa na saruji. Sikuwa na fundi.
Nilichota maji kisimani, kopo moja,
nikayalowesha meno, moja moja,
maana jiwe kavu halishiki.
Yakanywa.
Nikarudi kuchota.